Safari ndefu ya dola kutoka kwa mteja wa ng'ambo hadi Kakamega

KIJANA anayefanya kazi za mtandaoni mjini Kakamega huenda akafungua kompyuta yake Jumatatu asubuhi na kukuta ameandikiwa dola 120. Lakini jioni ya siku hiyo hiyo, akidaiwa kodi ya chumba mtaani Amalemba au akitaka nauli ya matatu hadi Shinyalu, hawezi kugusa hata senti moja ya fedha hizo.

Hajaibiwa, wala kompyuta haijaharibika. Fedha zake zimo safarini, na safari hiyo ina vituo kadhaa. Kila kituo kina muda wake wa kungojea, na vingi vina makato yake.

Kutoifahamu safari hiyo kumewafanya baadhi ya vijana kuamini kwamba wametapeliwa wakati hawajatapeliwa. Jambo baya zaidi ni kwamba kumewafanya wengine watapeliwe kweli, kwa kuwa hawakujua ni wakati gani kazi yao ina ulinzi na ni wakati gani haina.

Kazi hizi ni nyingi. Wapo wanaoandika makala, wanaonakili maneno kutoka kwenye sauti zilizorekodiwa, wanaochora nembo za kampuni, wanaotengeneza tovuti, wanaoingiza takwimu kwenye majedwali na wanaofundisha mitambo kutambua picha. Mwenye kazi huwa Marekani, Uingereza, Australia au kwingineko, na mara nyingi mfanyakazi na mwajiri hawaonani maishani.

Kwa Kenya, mlango ulifunguka hasa mwaka wa 2009, nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS zilipofikishwa Mombasa kupitia chini ya bahari na intaneti ikaanza kuwa ya kasi. Mnamo 2016 serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital kuwafunza vijana namna ya kujipatia riziki kwa njia hii. Katika mji wa Kakamega, ulio na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na wahitimu wengi wasio na ajira, wito huo haukuhitaji kurudiwa mara mbili.

Stakabadhi ya mizani

Wakazi wa Kakamega wana mfano wao wa karibu wa kuielewa biashara hii, nao ni miwa.

Mkulima wa miwa hafikishi mazao yake kiwandani na kurudi nyumbani na fedha siku hiyo. Miwa hupimwa kwenye mizani, mkulima akapata stakabadhi inayoonyesha uzani. Baadaye hukatwa gharama za ukataji, usafirishaji, mbolea na mbegu, na kinachosalia ndicho hulipwa.

Kiwanda cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka wa 1973, kiliwekwa chini ya mrasimu mnamo Septemba 2019 huku wakulima wakiwa bado wanakidai. Mkulima aliyebaki na karatasi mkononi alijifunza kwamba stakabadhi na fedha ni vitu viwili mbalimbali.

Tarakimu zinazoonekana kwenye kioo cha kompyuta nazo ni stakabadhi ya mizani. Zinaonyesha kwamba kazi imepokelewa na kuhesabiwa. Ili ziwe fedha, ni lazima mteja alipe, muda wa kungojea uishe, ada zikatwe, kisha dola zigeuzwe shilingi na kuingia katika akaunti ya benki au M-Pesa.

Mtu wa kati

Majukwaa ya kazi za mtandaoni yalizaliwa kwa sababu ya tatizo moja la kale: kutoaminiana. Mteja wa Chicago anaogopa kumtumia fedha mtu asiyemjua aliye Lurambi, kisha asione kazi. Naye kijana wa Lurambi anaogopa kufanya kazi wiki nzima, kisha mteja atoweke.

Jukwaa hujiweka katikati kama mshenga wa biashara. Linapokea fedha za mteja, linasubiri kazi ikamilike, kisha linamlipa mfanyakazi baada ya kukata ujira wake.

Miongoni mwa majukwaa ya mwanzo yalikuwa Elance, iliyoanzishwa Marekani mwaka wa 1999, na oDesk, iliyofuata mwaka wa 2003. Kampuni hizo mbili zilitangaza kuungana mwishoni mwa 2013, na mnamo 2015 zikachukua jina la Upwork. Freelancer ya Australia ilianza mwaka wa 2009, na Fiverr ya Israeli mwaka wa 2010.

Kila moja ina kanuni zake. Hata hivyo, takriban zote hutumia mojawapo ya mitindo miwili ya malipo: kazi ya bei maalumu na kazi ya saa. Ulinzi wa mfanyakazi hutofautiana sana kati ya mitindo hii miwili, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kazi ya bei maalumu

Katika mtindo huu, mteja na mfanyakazi hukubaliana bei ya kazi nzima, kwa mfano dola 100 kwa kutafsiri kitabu kidogo. Kazi inaweza kugawanywa katika hatua, kila hatua ikiwa na malipo yake.

Kabla ya kazi kuanza, mteja hutakiwa kuweka fedha za hatua ya kwanza katika akaunti ya amana. Fedha hizo huwa zimemtoka mteja, ila bado hazijamfikia mfanyakazi. Jukwaa linazishikilia kama vile mzee wa kijiji anavyoshikilia fedha za watu wawili waliowekeana dhamana.

Kanuni ya kwanza inafuata hapo: usianze kazi kabla ya kuona kwamba amana imewekwa. Mteja anayesema, "Anza tu, nitaweka fedha kesho," anamwomba mfanyakazi amkopeshe jasho lake bila dhamana yoyote.

Kanuni ya pili ni kwamba kuwekwa kwa amana ya hatua ya kwanza hakulindi hatua ya pili. Mfanyakazi anayemaliza kazi yote huku mteja akiwa ameweka sehemu tu ya malipo, amelindwa kwa sehemu hiyo pekee.

Kazi ikikamilika, ni lazima iwasilishwe kwa kutumia kitufe maalumu cha kuomba malipo. Wengi hutuma kazi kwa barua-pepe au katika mazungumzo ya kawaida, wakadhani wamewasilisha. Kwa jukwaa, kazi ya namna hiyo haijawasilishwa, na saa ya kuhesabu siku za malipo haijaanza kugonga.

Katika Upwork, mteja ana siku 14 za kuikagua kazi tangu malipo yaombwe. Akinyamaza hadi siku hizo zikaisha bila kuomba marekebisho, fedha huachiliwa zenyewe. Baada ya hapo hufuata siku tano zaidi za tahadhari kabla ya mfanyakazi kuruhusiwa kuzitoa.

Fiverr ina utaratibu tofauti kidogo. Mnunuzi hulipa bei yote mapema anapoagiza kazi. Ikishawasilishwa, ana siku tatu za kuikubali au kuomba marekebisho. Akikaa kimya, agizo huhesabiwa kuwa limekamilika. Fedha hukaa siku 14 nyingine kwa wauzaji wa kawaida, na siku saba kwa wale wa daraja la juu.

Kwa hivyo mtu aliyewasilisha kazi tarehe mosi asimwahidi mwenye nyumba kwamba atalipa tarehe tano. Hata mambo yote yakienda vizuri, huenda fedha zikapatikana baada ya nusu ya mwezi au zaidi.

Kazi ya saa

Katika kazi ya saa hakuna amana inayowekwa mapema. Mfanyakazi huhesabiwa saa alizofanya, na kadi ya benki ya mteja hutozwa kila wiki. Kinachochukua nafasi ya amana ni ushahidi.

Ushahidi huo hukusanywa na programu ambayo mfanyakazi huiweka katika kompyuta yake. Katika Upwork, programu hiyo hupiga picha za kioo cha kompyuta mara sita kwa kila saa, na hurekodi kama kipanya na vibonyezo vinatumika. Mteja anaweza kuziona picha hizo katika shajara ya kazi.

Wapo wanaoiona programu hiyo kuwa mnyapara asiyepepesa macho, na wana haki ya kuiona hivyo. Lakini bila ya picha hizo hakuna ulinzi. Saa ambazo mfanyakazi huziandika kwa mkono wake hulipwa mteja akitaka; akizikataa, jukwaa halimfidii mtu.

Ili ulinzi uwepo, mfanyakazi anatakiwa pia kueleza katika programu alichokuwa akikifanya, picha zionyeshe kazi ya mteja huyo, na njia ya malipo ya mteja iwe imethibitishwa. Anayeacha programu ikihesabu huku akitazama kandanda amejiondolea haki yake mwenyewe.

Kalenda ya malipo nayo ina jambo la kuangaliwa. Wiki ya Upwork huanza Jumatatu na kuisha Jumapili usiku wa manane kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu. Kwa mtu aliye Kakamega, wiki huisha saa tisa za usiku wa kuamkia Jumatatu.

Mfanyakazi anaweza kurekebisha hesabu ya saa zake hadi Jumatatu saa tisa alasiri. Baada ya hapo ankara hufungwa, na mteja hupewa hadi Ijumaa kuikagua. Fedha huwa tayari kutolewa Jumatano inayofuata, yaani siku 10 baada ya wiki ya kazi kuisha.

Kijana aliyefanya kazi Jumatatu ya kwanza atazipata fedha za siku hiyo zaidi ya wiki mbili baadaye. Anayeanza kazi hii bila akiba ya kumtosha mwezi mmoja hujikuta akikopa kwa riba ili aweze kungojea mshahara wake mwenyewe.

Chovya-chovya humaliza buyu la asali

Mapato ya majukwaa hutokana na kukata sehemu ya kila malipo. Viwango hivyo vimekuwa vikibadilika, na mfanyakazi hana budi kuvifuatilia.

Mnamo 2016, Upwork ilianza kukata asilimia 20 ya dola 500 za kwanza kutoka kwa kila mteja, asilimia 10 ya kiasi kilichofuata hadi dola 10,000, na asilimia 5 ya kilichozidi hapo. Mei 2023 ikaondoa ngazi hizo na kuweka asilimia 10 kwa wote. Tangu Mei 2025, kiwango cha mikataba mipya ni kati ya sifuri na asilimia 15, kulingana na kazi yenyewe, na huonyeshwa kabla ya mfanyakazi kuikubali.

Fiverr hukata asilimia 20. Muuzaji wa kazi ya dola 50 hubakia na dola 40, na hiyo ni kabla ya kuzihamisha kwenda benki.

Freelancer hukata asilimia 10 au dola 5, kutegemea ipi ni kubwa zaidi, katika kazi za bei maalumu. Jambo linalowashtua wengi ni kwamba ada hiyo hutozwa mfanyakazi anapoikubali kazi, wala si anapolipwa. Anayekubali kazi ya mteja asiyeaminika anaweza kujikuta anadaiwa ada ya mapato ambayo hajayaona.

Juu ya hayo kuna gharama ya kuomba kazi. Upwork huuza tokeni zinazoitwa Connects kwa senti 15 za dola kila moja, na ombi moja huweza kula tokeni nyingi. Anayetuma maombi ovyo bila kuchagua hutumia fedha nyingi kabla hajapata hata kazi moja. Wengi hulipia tokeni hizo kwa kadi ya benki, au kwa kadi ya M-Pesa ya kulipia mtandaoni ambayo Safaricom na Visa waliizindua Juni 2022.

Kuvusha fedha hadi Kenya

Fedha zikishakuwa huru ndani ya jukwaa, bado ni dola zilizo ng'ambo. Mfanyakazi huchagua njia ya kuzileta nyumbani.

Njia ya kwanza ni benki. Baadhi ya majukwaa hupeleka fedha moja kwa moja katika akaunti ya benki ya humu nchini, zikiwa zimeshageuzwa shilingi. Kenya iliifuta Sheria ya Udhibiti wa Fedha za Kigeni mwaka wa 1995, na tangu hapo mwananchi yuko huru kuweka akaunti ya dola na kungojea kiwango kinachomridhisha.

Njia ya pili ni kampuni za kati kama Payoneer, iliyoanzishwa mwaka wa 2005. Mfanyakazi hukusanya huko malipo kutoka majukwaa mbalimbali, kisha huyahamisha kwenda benki yake anapotaka.

Njia ya tatu ni PayPal. Tangu Aprili 2018, kutokana na makubaliano ya PayPal na Safaricom, Mkenya anaweza kuzihamisha fedha za PayPal hadi M-Pesa kwenye simu yake. Kwa kijana asiye na akaunti ya benki, njia hiyo ilikuwa afueni kubwa.

Katika njia zote hizo, makato makubwa mara nyingi hayaitwi ada. Hujificha katika kiwango cha kubadilishia dola. Ikiwa dola inauzwa Sh129 sokoni na kampuni ikampa mfanyakazi Sh126, imekwisha kumkata Sh3 kwa kila dola, hata kama imetangaza kwamba huduma ni ya bure.

Kiwango chenyewe nacho hupanda na kushuka. Mnamo Januari 2024 dola moja ilikuwa takriban Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeteremka hadi karibu Sh130. Mtu aliyekuwa akilipwa dola 200 kwa mwezi alipoteza takriban Sh6,000 za matumizi, ingawa mteja wake hakumpunguzia hata senti.

Wenye mapato makubwa wakumbuke pia kwamba M-Pesa ina mipaka. Tangu 2023, akaunti moja haiwezi kuwa na zaidi ya Sh500,000, na muamala mmoja hauwezi kupita Sh250,000.

Hesabu ya wiki moja

Tuchukue mfano wa kijana aliyefanya kazi ya saa 20 katika wiki moja kwa dola 6 kila saa. Tuseme jukwaa linakata asilimia 10, gharama ya kuhamisha fedha ni dola 2, dola sokoni ni Sh129, naye anabadilishiwa kwa Sh126.

Kioo cha kompyuta kitamwonyesha dola 120, sawa na Sh15,480. Jukwaa litakata dola 12, zibaki 108. Uhamishaji utakula dola 2, zibaki 106. Zikigeuzwa shilingi atapokea Sh13,356.

Ikiwa alitumia tokeni 60 kuitafuta kazi hiyo, basi alilipa dola 9, yaani Sh1,161. Faida yake sasa ni Sh12,195, kabla ya kutoa gharama za intaneti na umeme. Saa aliyodhani inamletea Sh774 imemletea takriban Sh610.

Hesabu hii haikusudiwi kumkatisha mtu tamaa. Inamsaidia kupanga bei yake. Anayejua kwamba saa yake inapungua kwa zaidi ya dola moja kabla ya kumfikia atadai dola 7 au 8, na atajua pia kwamba ni nafuu kuhamisha fedha mara moja kwa mwezi kuliko kulipa dola 2 kila wiki.

Hata hivyo, si busara kuziacha fedha nyingi zikae muda mrefu ndani ya jukwaa. Machi 2024, jukwaa la Remotasks, linalomilikiwa na kampuni ya Scale AI ya Marekani, lilisitisha shughuli zake Kenya, na wafanyakazi wakajikuta wamefungiwa mlango kwa ghafla. Akiba ya mtu na iwekwe mahali anapoweza kuifikia.

Akaunti ya kukodi

Majukwaa makubwa hayampokei kila anayejiandikisha. Kwa sababu hiyo limezuka soko la kukodi na kuuza akaunti, ambapo kijana mgeni humlipa mwenye akaunti ya zamani fedha taslimu, au humwachia sehemu ya mapato kila mwezi.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Akaunti ina jina, kitambulisho na benki ya mwenyewe. Dola zikishaiva, zinaingia kwa mwenye jina, na aliyefanya kazi hubaki kumwomba amtumie chake. Mwenye akaunti akibadilisha nenosiri usiku mmoja, kazi ya mwezi mzima imekwenda.

Mpangaji huyo hana pa kulalamika. Kanuni za majukwaa zinakataza kabisa akaunti kutumiwa na mtu mwingine. Akienda kulalamika, atakuwa ametoa ushahidi wa kuifungisha akaunti yenyewe, pamoja na fedha zilizomo.

Majukwaa nayo yana njia za kuwagundua. Wakati wowote yanaweza kumtaka mwenye akaunti aonyeshe kitambulisho na uso wake kwa kamera. Fedha huzuiliwa hadi ahakikishwe.

Kuna pia mkono wa sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 inaharamisha kutumia kwa udanganyifu nenosiri au utambulisho wa mtu mwingine. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au zote mbili.

"Tutoke nje ya jukwaa"

Mtego mwingine huja kwa sauti ya upole. Mteja humwambia mfanyakazi: "Mbona tuwaachie hawa asilimia 10? Nitakulipa moja kwa moja."

Pendekezo hilo huvutia, maana asilimia 10 ni fedha. Lakini siku ambayo malipo yanatoka nje ya jukwaa, amana, shajara ya kazi na usuluhishi vyote hubaki nyuma. Akaunti nayo inaweza kufungwa kwa kukiuka kanuni.

Hata fedha zikiingia PayPal, hazijawa salama kabisa. Mlipaji ana siku 180 za kuwasilisha lalamiko, na aliyelipa kwa kadi anaweza pia kuiomba benki yake imrudishie fedha. Kijana aliyekwisha kuzitumia hujikuta akaunti yake inadaiwa.

Kuna vilevile matapeli ambao si wateja hata kidogo. Humtaka mtu alipe ada ya kujiandikisha, ya mafunzo, au ya "kufungua" malipo yaliyokwama. Jukwaa halali hukata ada yake kutoka kwenye malipo. Halimwombi mtu atume fedha kwa nambari ya simu ili apate kulipwa.

Mzozo ukizuka ndani ya jukwaa, kinachosikizwa ni maandishi. Makubaliano yaliyofanywa kwa simu hayaonekani na msuluhishi. Ni vyema kila badiliko la kazi, bei au tarehe liandikwe katika mazungumzo ya jukwaa lenyewe, hata kama mteja ni mtu mwema.

Mamlaka ya Ushuru

Baadhi ya vijana hudhani kwamba mapato ya dola hayamhusu mtoza ushuru. Wanakosea. Mkazi wa Kenya anayefanya kazi akiwa Kakamega ana mapato yanayotozwa kodi Kenya, hata kama aliyemlipa yuko London.

Kwa kuwa hana mwajiri wa kumkatia, ni wajibu wake kujaza fomu za mapato kila mwaka kabla ya Juni 30 kupasuka. Mwenye biashara yenye mapato ya zaidi ya Sh1 milioni kwa mwaka, lakini yasiyozidi Sh25 milioni, huweza kutozwa kodi ya mauzo ya asilimia 3, kiwango kilichoanza kutumika Julai 2023.

Walio chini ya hapo pia hujaza fomu hizo, na wengi hujikuta hawadaiwi chochote, kwani kila mkazi ana nafuu ya Sh2,400 kwa mwezi katika kodi ya mapato. Kujaza fomu kuna faida nyingine: rekodi hiyo ni mojawapo ya nyaraka chache ambazo mtu asiye na hati ya mshahara anaweza kuionyesha benki anapoomba mkopo.

Daftari

Katika mambo yote haya, kifaa kinachomfaa zaidi mfanyakazi wa mtandaoni ni cha bei rahisi kuliko kompyuta. Ni daftari la kurasa chache lenye safu tano: tarehe ya kuwasilisha kazi, kiasi kilichoandikwa kwenye kioo, tarehe ambayo fedha zitakuwa huru, makato, na shilingi zilizoingia kweli.

Baada ya miezi mitatu, daftari hilo litamweleza mambo ambayo jukwaa halitamweleza. Atajua ni mteja gani hulipa bila mizozo, ni njia gani ya kuvusha fedha iliyo nafuu, na saa yake moja ina thamani gani katika shilingi.

Wakulima wa miwa wa Kakamega walijifunza somo hilo kwa gharama kubwa, wengine wakiwa wamehifadhi stakabadhi za mizani kwa miaka mingi. Watoto wao, ambao leo wanavuna dola kwa vidole, wana nafasi ya kujifunza kwa bei nafuu zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari.